Radi Isiyonguruma

Jumatatu, 3 Machi

Daktari wa presha amesema hasira zangu nizimwage kwenye karatasi, si kwenye vichwa vya watu. Mke wangu alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema daftari moja halitatosha, ninunuliwe katoni. Haya, nimeanza. Mvua za masika zimeanza leo na mimi nimeanza nazo. Sina hasira yoyote.

Jumatano, 5 Machi

Sasa ninayo.

Binti yetu alipita jioni akitoka kazini. Ni muuzaji mkuu kwenye lile duka la magari lenye vioo mpaka chini, wakala wa kampuni iliyotengeneza gari langu, Radi. Akaniambia, "Baba, kaa kwanza." Mtu akikuambia ukae kwanza, ujue kuna msiba. Nikakaa.

"Radi inarudi," akasema.

Nilisimama tena. Kampuni iliacha kuitengeneza Radi zamani, binti huyu akiwa bado anatambaa. Ndiyo niliyoendesha kwenye mashindano ya magari, mke wangu kiti cha pembeni akinisomea njia, na ndiyo iliyolala mpaka leo chini ya bati ubavuni mwa nyumba: ya njano, milango miwili, fupi kiasi kwamba mbuzi anaweza kuchungulia juu ya paa lake. Nilimshika binti yangu mabega, nikamwambia Mungu ambariki yeye na kiwanda chote. Akatoa simu anionyeshe picha.

Nilidhani amekosea picha. Lilikuwa gari aina ya jipu. Refu, la kijivu, milango mitano, sura ya friji iliyolazwa chali. Na nyuma yake, kwa herufi zile zile za mshazari, wameandika RADI.

"Hiki ni nini?"

"Radi mpya, Baba. Ya umeme."

"Injini yake iko wapi?"

"Haina injini. Ina mota."

"Na mlio?"

"Haina mlio, Baba."

Nimeishi na presha miaka mingi lakini leo ndiyo niliisikia ikipanda ngazi. Walishindwa kutafuta jina lingine? Wangeliita Sanduku. Wangeliita Kabati. Majina yamejaa dunia nzima, wao wakaenda kuchukua la gari lililopasua milima! Chai yangu ilipoa mkononi na sikujua. Kweli ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni.

Alhamisi, 6 Machi

Bado nimeduwaa.

Jumapili, 9 Machi

Jumapili ni siku ya kulinyoosha gari miguu. Zamani tulikwenda sote wawili, mpaka kwenye machimbo ya mawe na kurudi, naye akinisomea kona zote kwa kichwa kana kwamba tunashindana na mtu. "Kulia tatu, kisha kushoto mbili, usikate." Namba ikiwa ndogo kona ni kali, na usikate maana yake kuna jiwe linakusubiri ndani. Mimi hujibu neno moja tu, "Nimesikia," ajue naendelea.

Tangu masika ya mwaka jana ana udhuru kila Jumapili. Mara nguo, mara kichwa, mara mgeni anakuja, na mgeni mwenyewe haji. Leo ilikuwa mboga za kuchambua. Nikamwambia mboga hazikimbii. Akasema, "Wewe ndiye unayekimbia, basi kimbia."

Nilikwenda peke yangu. Nadhani amelichoka gari. Au amenichoka mimi, na sijui lipi ni baya zaidi.

Ijumaa, 14 Machi

Fundi Masizi alikuja. Ndiye aliyekuwa fundi wetu enzi za mashindano, na jina lake halisi nadhani hata mkewe amelisahau. Alikuwa ametoka kuiona hiyo Radi mpya dukani, maana wameshaleta mbili.

"Ndugu yangu, wamekuongopea," akasema. "Ina mlio."

Nikafurahi. Nikamvutia kiti.

"Ukibonyeza kitufe inanguruma. Kwenye spika."

"Spika?"

"Spika. Simba wa kaseti!"

Akacheka mpaka machozi.  Wamechukua jina, sasa wanaigiza na sauti. Mke wangu akapaza sauti kutoka jikoni: "Afadhali huyo ana kitufe cha kuzimia." Masizi akaanza kucheka upya. Watu wawili niliowaamini maisha yangu yote.

Jumanne, 18 Machi

Mvua kutwa. Seremala alikuja kuinua kitanda chetu kwa vipande vya mbao. Mke wangu anasema ni tahadhari, maji yasije yakaingia. Nyumba yetu iko mlimani. Nikamwambia maji yakitufikia sisi, mji mzima utakuwa umeshazama na hatutakuwa na jirani wa kumuazima chumvi. Akasema nimwachie mambo yake. Sasa nikikaa kitandani miguu inaning'inia kama ya mtoto.

Jumamosi, 22 Machi

Nimeshindwa mabishano, naandika ili nijue nilishindwa wapi.

Mjukuu wetu aliletwa kushinda hapa. Amepewa jina la mke wangu, kwa hiyo nyumbani tunamwita Bibi Mdogo, na mimi humwita mke wangu mdogo, naye hunidai pipi kwa cheo hicho. Nilikuwa nimeketi kibarazani nikimweleza kila anayepita kwamba jina apewe anayefanana nalo, vinginevyo ni wizi. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni. Siku hizi hasimami popote ila ameegemea kitu.

"Huyu ana jina langu," akasema, akimwonyesha mtoto. "Amenifanana nini? Mimi mkimya, yeye anapayuka. Mimi naogopa paka, yeye analala nao. Siku anapewa jina ulipiga kelele?"

"Huyu ni damu yako."

"Na lile gari ni la kampuni ile ile."

"Lakini wewe hujafa!"

"Kwani Radi yako imekufa?"

 Bibi Mdogo akanipigia makofi. Sijui alikuwa upande wa nani.

Jumatano, 26 Machi

Mvua.

Alhamisi, 3 Aprili

Binti yetu amekuja na ombi. Tarehe kumi na mbili wanazindua hilo friji lao kwa shangwe, na mkurugenzi wao anataka Radi ya zamani iingie kwanza uwanjani mbele ya duka, ikiendeshwa na mwenyewe. Alikuwa anaomba huku anasokota kamba ya mkoba wake, kama alivyokuwa akifanya alipovunja kitu utotoni. Ameshawaambia wakubwa kwamba Baba hatakataa.

Nilikataa. Kisha nikafikiri, wacha niende. Watu waone kwa macho yao na wasikie kwa masikio yao. Nitaingia na mngurumo wa kutikisa vile vioo, halafu watoe hicho kimya chao tuone nani atapiga makofi.

"Nakubali," nikasema, "lakini mama yako akae pembeni yangu. Radi haiingii uwanjani bila msoma njia."

Mke wangu alikuwa anakunja nguo. Aliikunja ile aliyoishika, akaikunjua, akaikunja tena.

"Sawa," akasema.

Kwa sauti ile ile. Lazima nieleze sauti hiyo. Msoma njia hapandishi sauti wala haishushi, hata gari likiwa hewani, kwa sababu dereva akisikia hofu masikioni mikono yake inaharibika. Yeye alikuwa na sauti hiyo kuliko wasoma njia wote. Siku tulipopinduka kwenye korongo, tukaning'inia na mikanda vichwa chini, alisema, "Tumepinduka," kama mtu anayesema chai iko tayari. Na dereva naye ana sheria yake: hamtazami msoma njia. Anatazama barabara, anasikiliza. Ndivyo tulivyoshinda, na nadhani ndivyo tulivyooana.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimeisugua Radi mpaka nimejiona kwenye boneti. Nimezeeka, lakini yeye hajazeeka.

Jumamosi, 12 Aprili

Nitaandika yote.

Asubuhi mvua ilikatika kidogo. Mke wangu alivaa ovaroli yetu ya zamani, ile ya njano, ikamkaa. Alitangulia kwenye gari, akaniambia nirudi ndani nikamletee miwani. Niliporudi alikuwa ameshaketi, mkanda umefungwa, anatazama mbele. Miwani ilikuwa mfukoni mwake. Nikamtania kwamba uzee umemwingia kichwani. Akasema, "Washa gari."

Tulipita njia ya machimbo, ndefu kidogo, kwa raha zetu. Barabara imechimbika na mvua, na Radi haina springi za kubembeleza mtu. Alisoma yote. "Kushoto nne, mashimo, kulia mbili, usikate." Sauti imenyooka. Mimi, "Nimesikia." Injini ilikuwa inanguruma, nikasema moyoni kwamba hapa nilipo sina nilichopungukiwa. Nilikuwa na furaha, niliandike hilo, nilikuwa na furaha ya kijinga.

Tuliingia uwanjani watu wamejaa chini ya mahema. Nikakanyaga mafuta mara tatu tukiwa tumesimama, vioo vya duka vikalia, watoto wakaziba masikio. Makofi! Nikashuka nimeinua ngumi. Wapiga picha wakaniita huku, mara kule. Jukwaani kulikuwa na kitu kimefunikwa kitambaa cheusi, na mkurugenzi na kipaza sauti chake. Nikamnyooshea mkono mke wangu kutoka upande wa pili wa gari, kama zamani, aje tuinamishe vichwa pamoja.

Hakushuka.

Nikazunguka, nikafungua mlango wake. "Shuka bwana, wanakusubiri wewe."

"Siwezi," akasema.

Ilikuwa sauti ya chai iko tayari. Nikadhani ananitania.

"Huwezi nini?"

"Kushuka. Nyonga imekataa."

Hapo ndipo nilipomtazama. Jasho lilikuwa linamtiririka usoni na mvua haikuwa inanyesha. Mdomo wa chini alikuwa ameuuma mpaka damu. Mkono wake mmoja ulikuwa umeshika mpini wa mlango na vidole vimekuwa vyeupe, na sijui ulikuwa umeshika hivyo tangu kona ya ngapi. Na sauti haikuwa na hata doa! Nilisimama pale kama nguzo. Wapiga picha wakaendelea kupiga picha.

Binti yetu ndiye aliyekimbia. Aliruka kamba ya jukwaa na viatu vyake virefu, akaja na wauzaji wawili, wakamvuta mama yake kwa makwapa kutoka kwenye kile kiti kilicho chini kama beseni. Alitoa mlio mmoja mfupi. Sijawahi kuusikia mlio ule, hata alipojifungua, maana wakati huo wanaume tulikuwa tunawekwa nje. Hakuweza kusimama. Hakuweza kukaa kwenye viti vya plastiki vya hemani, maana navyo ni vifupi. Binti yetu akatazama huku na kule, kisha akakivuta kile kitambaa cheusi kabla ya wakati wake, akafungua mlango wa lile jipu, wakamweka mama yake hapo. Kiti kilikuwa usawa wa nyonga yake. Hakuinama hata kidogo. Alikikalia tu, akafumba macho, akashusha pumzi.

Na watu wakapiga makofi.

Walidhani imepangwa! Msoma njia wa zamani anatoka Radi ya zamani anaingia Radi mpya. Wanawake walikuwa wanafuta machozi. Mkurugenzi akashika kipaza sauti, "Kutoka Radi hadi Radi!" na makofi yakazidi, na wimbo ukawashwa, na mimi nimesimama katikati, mlango wa gari langu uko wazi, kiti kitupu, sijui niende wapi. Nilitaka ardhi inimeze. Nilimwona binti yangu amepiga magoti mbele ya mama yake, analia, mkurugenzi amesimama juu yao anatabasamu kwa ajili ya picha.

Nikamwuliza mke wangu, "Tangu lini?"

"Masika ya mwaka jana," akasema.

Jumapili, 13 Aprili

Kitanda! Kitanda, na kushika ukuta, na kuegemea mlango, na nguo za kufua kila Jumapili. Hata miwani, ili nisimwone anavyoingia. Na mimi nilikuwa naandika humu ndani, kwa mkono wangu, na sikuona.

Jumatatu, 14 Aprili

Daktari wa mifupa anasema nyonga imelika, mfupa unasugua mfupa. Atapasuliwa, atawekewa ya chuma, mwezi ujao nafasi ikipatikana. Mpaka hapo asikalie chochote kifupi kuliko goti lake. Kuhusu Radi, daktari alitazama picha, akanitazama, akanirudishia.

Masizi alikuja kumpa pole. Mtu wa kucheka, leo hakucheka. Alimwambia, "Shemeji, mficha maradhi kilio humuumbua." Mke wangu akamwambia aongeze sukari kwenye chai yake, labda maneno yatakuwa matamu.

Walipoondoka watu nilimwuliza kwa nini hakuniambia. Nilijua nitapiga kelele, sikupiga.

"Ungeliuza gari," akasema.

"Nisingeliuza."

"Ungeliuza. Halafu ungekaa dirishani kulitazama bati."

"Basi ungeniambia hata nikakasirika."

Akasogeza kikombe chake. "Kazi yangu ni kukusomea njia. Haikuwa kukusomea kiti."

Nikamwambia mimi ndiye niliyetakiwa kuona. Akasema bila kinyongo, kwa upole tu, kwamba mimi siku zote ninamsikiliza na simtazami, na yeye alijua hivyo, na akatumia. Ningependelea anitukane.

Jumamosi, 19 Aprili

Mvua imerarua bati. Nimeifunika Radi turubai.

Ijumaa, 25 Aprili

Nilikwenda dukani peke yangu. Binti yangu aliponiona mlangoni alidhani nimekuja kugombana, akaanza kusokota kamba ya mkoba. Nikamwambia anionyeshe friji.

Nilikaa kiti cha pembeni, si cha dereva. Nikashuka. Nikakaa tena, nikashuka, nikakaa, mpaka wateja wakaanza kunitazama. Nilikuwa natafuta kosa. Mlango unafunguka mpana. Kuna mpini mahali mkono wa mtu mwenye maumivu ungeutafuta. Nilitafuta kosa kwa moyo wote.

"Jina bado ni wizi," nikamwambia binti yangu.

"Ndiyo, Baba."

"Na kile kitufe cha simba sitaki kukisikia."

"Sawa, Baba." Kisha akasema, macho chini, "Naweza kuwaombea hili la majaribio, siku ya kumpeleka Mama hospitali."

Nilitaka kusema nitafikiri. Nikasikia mdomo wangu umesema asante. Nilishtuka kuliko yeye.

Alhamisi, 1 Mei

Hospitali wamepiga simu. Upasuaji ni Ijumaa ya wiki ijayo. Mke wangu amefua nguo zote za nyumba hii, safi na chafu, amekaa kwenye kiti kirefu cha karakana alichotuletea Masizi. Anaogopa. Hajasema, lakini sasa namtazama.

Ijumaa, 9 Mei

Nipo kwenye benchi la hospitali, ameshaingizwa ndani, wanasema nisubiri. Nitaandika la njiani.

Aliingia mwenyewe. Alishika mpini, akakaa, akaingiza miguu, akasema, "Haya." Bibi Mdogo alitupungia mkono, akatukumbusha pipi. Niliwasha, au nadhani niliwasha, maana hakuna kilichotokea isipokuwa taa. Tukaanza kwenda, na kimya chake kilikuwa kama nilivyokiogopa. Matairi kwenye maji, basi. Nilijihisi nimeziba masikio. Nikasema moyoni, hili si gari, ni chumba kinachotembea.

Tulipofika tuta la kwanza pale shuleni nililipita kama ninavyopita matuta siku zote. Na nikasikia kitu. Pumzi. Fupi, imekatwa katikati, kama mtu aliyeguswa na kitu cha moto.

"Umesema nini?"

"Sijasema kitu."

Kisha shimo, na pumzi ile tena. Si sauti yake ya kusomea njia, ile anaishika yeye. Hii hakuwa akiishika. Nadhani hata hajui kwamba anaitoa.

Nikakumbuka njia yote ya machimbo siku ile, na Jumapili za kwanza za masika ya mwaka jana kabla hajaanza kufua nguo. Alikuwa anaitoa kila shimo, karibu na sikio langu, na injini ilikuwa inanguruma juu yake, na mimi nikisema sina nilichopungukiwa.  Nilipunguza mwendo mpaka baiskeli ikatupita.

Nilitaka kumtazama lakini barabara ilikuwa inateleza. Basi nikafanya lile ninaloliweza.

"Tuta dogo, mita hamsini," nikasema. "Tunalipita pole pole."

 Tukalipita. Hakuna pumzi iliyokatika.

"Mashimo mawili kushoto, napita kulia. Kisha kona, kulia nne, maji barabarani, jishike."

Sauti yangu ilikuwa inapanda na kushuka ovyo. Kwenye mashindano angenifukuza kazi siku ya kwanza. Kwa pembe ya jicho niliona mkono wake umeuachia mpini, ukashuka, ukatulia kwenye paja. Tulikwenda hivyo barabara nzima, mimi nasoma, yeye kimya, mpaka geti la hospitali likaonekana.

"Tuta la mwisho," nikasema. "Kubwa. Nalipita kwa upande."

"Nimesikia," akasema.